Matabaka katika michoro ya kompyuta: Yanavyopangwa na hatari ya kutoyaelewa

TABAKA, katika programu za kuchora kwa kompyuta, ni sehemu ya mchoro iliyotengwa na nyingine ili iweze kuonyeshwa, kufichwa, kufungwa au kuhamishwa peke yake pasipo kuzigusa zilizosalia. Mfano ambao hutolewa mara nyingi ni wa karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kila karatasi ina kipande chake cha picha, na mtu anayetazama kutoka juu huona picha moja iliyokamilika. Mafundi wengi wa uchapishaji nchini hulitaja kwa neno lililotoholewa kutoka Kiingereza, leya.

Mfano huo unamfaa mwanafunzi wa siku ya kwanza, lakini hauelezi kinachotendeka ndani ya faili. Picha ya vekta haijaundwa kwa nukta kama ilivyo picha ya kamera. Ni orodha ya maagizo: mstari uanze hapa uishie pale, duara liwe na kipenyo hiki, lijazwe rangi hii. Ndiyo sababu nembo iliyochorwa kwa vekta huweza kupanuliwa kutoka ukubwa wa stempu hadi ukubwa wa bango la barabarani bila kingo zake kuchakaa. Kompyuta huyasoma maagizo kuanzia la kwanza hadi la mwisho, na kila umbo jipya hupakwa juu ya yale yaliyotangulia. Lililoandikwa mwisho ndilo linaloonekana juu kabisa.

Kwa hivyo hata mchoro ambao haukugawanywa kamwe huwa tayari una chini na juu yake. Kompyuta haihitaji zaidi ya hapo. Tabaka ni mpaka ambao mchoraji huuweka katikati ya orodha hiyo kwa manufaa yake mwenyewe na ya wale watakaoifungua faili baada yake: kuanzia hapa hadi hapa ni maandishi, kuanzia hapa hadi hapa ni mandhari. Tabaka lina maana kwa sababu kuna mtu aliyelipa maana. Likiundwa na mashine, au likiachwa bila jina, halielezi lolote. Wasiolitambua jambo hili wamepoteza fedha katika uchapishaji, na wakati mmoja lilizua mabishano yaliyofika Ikulu ya Marekani na kumgusa mtu mwenye asili ya Kenya.

Kabla ya kompyuta

Fikra yenyewe ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1914 Mmarekani Earl Hurd aliomba hataza ya mbinu ya kutengeneza filamu za katuni kwa kutumia karatasi angavu za seluloidi. Mandhari ya nyumba, miti na anga ilichorwa mara moja tu, kisha mhusika aliyekuwa akitembea akachorwa kwenye seluloidi na kubadilishwa juu yake hatua kwa hatua. Mchoraji aliokolewa kazi ya kuchora upya mti uleule mara mia.

Watengenezaji wa ramani nao walikuwa na matabaka yao. Katika ramani za kawaida za kipimo cha 1:50,000, mito huwa ya samawati, mistari ya kontua kahawia, misitu kijani na majina meusi. Katika uchapishaji wa zamani kila rangi ilikuwa na bamba lake. Kitu kipya kilipojengwa bondeni, bamba la kontua halikuguswa, kwa maana mlima haukuwa umehama.

Wasanifu wa majengo walichora kuta kwenye karatasi moja angavu, mabomba kwenye ya pili na nyaya za umeme kwenye ya tatu, zote zikishikiliwa na pini ili zisipishane. Utaratibu huo uliingia katika kompyuta kupitia programu kama AutoCAD, iliyozinduliwa mwaka 1982. Uzito wa jambo hili katika ujenzi unaonekana kwa kuwa Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kanuni maalumu, ISO 13567, kuhusu jinsi ya kupanga matabaka na kuyapa majina. Kanuni hiyo, iliyotolewa kwanza mwaka 1998, hutaka jina la tabaka lianze kwa kumtaja anayewajibika, mathalan msanifu au mhandisi wa umeme, lifuatwe na aina ya kitu kilichochorwa, kisha namna kinavyowakilishwa. Mtu anaweza kucheka kwamba wataalamu wa mataifa mengi waliketi kujadili majina ya matabaka. Fundi aliyewahi kutoboa ukuta kwa kufuata mchoro uliochanganya mabomba na nyaya hatacheka.

Kwa wachoraji wa mabango, nembo na vitambaa, programu zinazojulikana zaidi ni Adobe Illustrator ya mwaka 1987, CorelDRAW iliyotoka Canada mwaka 1989, na Inkscape, iliyoanzishwa mwaka 2003 na ambayo hutolewa bila malipo. Illustrator ya kwanza haikuwa na matabaka. Yaliongezwa katika miaka ya 1990.

Jicho, kufuli na jina

Programu hizi zote zina kidirisha kinachoorodhesha matabaka, na lililo juu kwenye orodha ndilo lililo juu kwenye mchoro. Katika Inkscape kidirisha hicho hufunguliwa kwa kubonyeza Ctrl, Shift na L kwa pamoja, na tabaka jipya huundwa kwa Ctrl, Shift na N. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2022, matabaka na maumbo yaliyomo huorodheshwa katika kidirisha kimoja.

Kando ya kila tabaka kuna alama ya jicho na ya kufuli. Jicho likifumbwa, tabaka hutoweka kwenye skrini lakini halifutwi. Kufuli ikifungwa, tabaka huendelea kuonekana lakini haliguswi. Anayeanza kujifunza huvutiwa na jicho, ilhali aliyekomaa hutegemea kufuli. Mandhari ya bango huwa umbo kubwa linalojaza ukurasa mzima, na kipanya kikiteleza ni hilo linalonaswa kwanza. Likisogea milimita mbili hakuna anayetambua kwenye skrini, hadi mabango 500 yatoke mashineni yakiwa na ukanda mweupe ukingoni. Tabaka la mandhari lililofungwa halisogei.

Jina ndilo hupuuzwa zaidi. Programu isipopewa jina hutoa lake lenye nambari, na mchoraji akiendelea kuongeza hujikuta na tabaka la kwanza, la pili, la saba na nakala ya la saba. Baada ya miezi mitatu, mteja anaporudi kutaka nambari ya simu ibadilishwe, humlazimu afungue na kufumba kila jicho akitafuta. Majina mafupi yenye kueleza kilichomo, kama vile mandhari, picha, maandishi na vipimo, hutosha.

Kuna fumbo ambalo humsumbua karibu kila mwanafunzi wa Inkscape. Kitufe cha Home hupandisha umbo lililochaguliwa hadi juu kabisa, lakini wakati mwingine mwanafunzi hukibonyeza na umbo likabaki limefunikwa. Kitufe hakijaharibika. Umbo limepandishwa hadi juu ya tabaka lake, na tabaka lenyewe liko chini ya jingine. Ili kulivusha hadi tabaka la juu yake hutumiwa Shift na Page Up. Kulishusha, Shift na Page Down. Aidha, umbo linalobandikwa huangukia kwenye tabaka linalotumika wakati huo, ambalo huenda si lile lilikotolewa. Illustrator ina chaguo la kulirejesha umbo kwenye tabaka lake la asili, na pia hulipa kila tabaka rangi yake ya kuzungushia maumbo yaliyochaguliwa, hivyo mchoraji hutambua papo hapo alichokishika ni cha wapi.

Tabaka lisichanganywe na kundi. Maumbo yaliyofungwa katika kundi huchaguliwa na kusogezwa kama kitu kimoja: gurudumu na spoki zake, kwa mfano. Tabaka huyaacha maumbo yake huru, kila moja likichaguliwa kivyake. Ajabu ni kwamba ndani ya faili tofauti hiyo ni ndogo mno. Inkscape huhifadhi michoro kwa mfumo wa SVG, ambao shirika la viwango vya mtandao, W3C, liliupitisha mwaka 2001. SVG 1.0 haijui tabaka la namna hii. Inajua kundi tu. Inkscape hulitia kundi alama yake yenyewe inayosema kwamba hili lihesabiwe kuwa tabaka. Programu nyingine isiyoielewa alama hiyo itaonyesha picha sawasawa, lakini tabaka italiona kuwa kundi la kawaida.

Leso na sehemu zake

Kazi mojawapo ambayo huonyesha vyema namna ya kugawa mchoro ni leso, ambayo pia huitwa kanga. Leso huja na mgawanyo wake tayari: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maandishi yaliyo sehemu ya chini ya mji. Mchoraji anayeanza kazi hii kwa kompyuta hahitaji kubuni utaratibu mgeni. Wavaaji wa pwani walikwisha kuzipa sehemu majina.

Chini kabisa huwekwa tabaka la kielelezo, ambalo ni picha ya mchoro wa penseli uliopigwa skani, lililofifishwa na kufungwa. Illustrator ina aina maalumu ya tabaka kwa ajili hiyo, ambayo huifanya picha kuwa hafifu, huifunga, na huizuia isichapishwe. Juu yake hufuata rangi ya msingi ya kitambaa, kisha mji, kisha pindo, kisha jina. Mji hutangulia pindo kwa sababu nakshi za mji zikivuka mpaka wake kidogo, pindo huzifunika na kuuacha ukingo ukiwa umenyooka.

Pindo hurudia ua au kikorosho kilekile mara nyingi. Mchoraji wa Inkscape huchora kimoja tu, kisha hutumia Alt na D kutengeneza nakala zinazofuata asili: cha kwanza kikibadilishwa, vyote hubadilika. Kazi hiyo ikikamilika, tabaka la pindo hufungwa na huwa halina haja ya kuguswa tena.

Faida hudhihirika kwenye jina. Mfanyabiashara akitaka mchoro uleule uuzwe kwa maandishi matatu tofauti, kila jina huwekwa katika tabaka dogo ndani ya tabaka la majina. Moja hufumbuliwa, mawili hufumbwa, faili hutolewa, kisha jingine. Pindo na mji hubaki vilevile hadi unywele wa mwisho. Mchoraji ambaye angenakili faili nzima mara tatu angelazimika kusahihisha kosa moja la pindo katika faili tatu, na kwa kawaida moja husahaulika.

Hata hivyo, kitambaa huchapishwa kwa rangi. Katika uchapishaji wa skrini, uwe wa leso au wa fulana, kila rangi huhitaji skrini yake. Anayepeleka faili iliyogawanywa kwa pindo, mji na jina hukuta fundi akitaka nyekundu, nyeusi na njano. Hapa wachoraji hutofautiana. Wapo wanaogawa kwa rangi tangu mwanzo, na kazi yao huingia mashineni haraka, lakini kubadilisha ua moja lenye rangi tatu huwafanya waruke kati ya matabaka matatu. Njia iliyo salama zaidi ni kuchora kwa sehemu, na mteja akishakubali, kutoa nakala ya faili na kuipanga upya kwa rangi. Faili ya kwanza huwa ya kufikiria, ya pili huwa ya mashine.

Katika nakala hiyo ya pili kila tabaka la rangi hugeuzwa jeusi kabla ya kuchapishwa kwenye karatasi angavu, kwa kuwa skrini hutengenezwa kwa mwanga na mwanga haujali wekundu wala manjano. Lazima pia kuwe na tabaka la alama za kulinganisha, yaani misalaba midogo pembeni, ambayo huachwa wazi kila rangi inapotolewa. Likifumbwa kwa bahati mbaya katika rangi moja, fundi hukosa mahali pa kuipimia skrini hiyo, na wekundu wa ua huangukia kando ya jani lake. Zaidi ya hayo, rangi nyepesi hupanuliwa kidogo chini ya ile nzito inayopakana nayo, kusudi kitambaa kikivutika usionekane upenyo mweupe. Kazi hiyo hurahisika iwapo rangi nyepesi imetengwa katika tabaka la chini.

Idadi ya matabaka isiwe shindano. Leso iliyoelezwa hapa ina matano au sita na inatosha. Faili zenye matabaka 60, kila jani na lake, hustaajabisha kwa kuzitazama lakini hazimsaidii anayezirithi.

Kilichofichwa huchapishwa

Tangu uchaguzi wa mwaka 2013, mpigakura wa Kenya humchagua rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake wa kaunti na mwakilishi wa wadi. Chama kimoja katika kaunti moja kinaweza kuhitaji mabango ya makumi ya wawaniaji, yote yakiwa na rangi zilezile, nembo ileile na kaulimbiu ileile. Kwa mchoraji hiyo ni kazi ya matabaka: yasiyobadilika yafungwe, na kila mwaniaji apewe tabaka lake la picha, jina na wadi.

Hatari iko katika neno kuficha, ambalo halina maana moja katika programu zote. Katika Inkscape tabaka lililofumbwa halitokei kwenye picha inayotolewa. Katika matoleo mengi ya CorelDRAW jicho lina alama ya printa kando yake, na alama hizo mbili hazifungamani. Tabaka lililofumbwa jicho lakini ambalo printa yake imeachwa wazi huweza kutokea kwenye karatasi. Mchoraji aliyezoea Inkscape, akifanya kazi ya haraka kwenye kompyuta ya mwenzake usiku wa kuamkia mkutano wa hadhara, anaweza kukabidhiwa mabango ambamo majina ya wawaniaji wawili yamepandana.

Mashine za kukata stika, zile ambazo hutumiwa kupamba matatu na vioo vya maduka, huleta tatizo la namna nyingine. Printa huchapisha kinachoonekana. Mashine ya kukata hufuata mistari iliyomo. Umbo lililofunikwa na jingine halionekani kwenye skrini, lakini njia yake bado imo kwenye orodha, na kisu kitaifuata na kuikata stika iliyo juu katikati. Hapo tabaka halitoshi kuwa juu ya jingine. Sharti maumbo yaunganishwe au sehemu iliyofunikwa ikatwe na kuondolewa, na mistari ya kisu iwekwe katika tabaka lake bila kitu kingine.

Cheti cha Obama

Wakati programu za kuchora hazikuwa na njia moja ya kubadilishana matabaka, mfumo wa PDF ulijongea kujaza pengo. Toleo la 1.5 la mwaka 2003 liliruhusu PDF iwe na matabaka ambayo msomaji anaweza kuyafumba na kuyafumbua. Lakini PDF huweza pia kuwa na vipande ambavyo hakuna mtu aliyevipanga, na hapo ndipo palipozuka kisa kilichosikika duniani kote.

Kwa miaka kadhaa wapinzani wa Barack Obama walidai kwamba hakuzaliwa Marekani bali Kenya, nchi ya babake, na kwamba hivyo hakustahili kuwa rais. Mnamo Aprili 27, 2011, Ikulu ya Marekani ilitoa kwenye mtandao nakala ya PDF ya cheti chake kirefu cha kuzaliwa, kinachoonyesha kuwa alizaliwa Honolulu, Hawaii, Agosti 4, 1961. Siku hiyohiyo watu waliifungua faili hiyo kwa Illustrator na kukuta kwamba haikuwa picha moja. Ilikuwa na vipande kadhaa vilivyoweza kuvutwa kando: mandhari ya kijani peke yake, maandishi mengi kwenye kipande kingine, na baadhi ya tarehe na mihuri kwenye vipande vyake. Ilisemwa kwamba hayo yalikuwa matabaka ya mghushi aliyesahau kuyaunganisha. Mnamo Machi 2012 Joe Arpaio, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Maricopa huko Arizona, aliwaita wanahabari na kuyarudia madai hayo, na akayarudia tena Desemba 2016.

Maelezo yalikuwa mepesi, na yalitolewa mapema, tena na jarida la National Review ambalo halikuwa rafiki wa Obama kisiasa. Programu nyingi za skani, ili kupunguza uzito wa faili, huugawa ukurasa. Mandhari yenye rangi huhifadhiwa kwa ubora wa chini, na yale ambayo programu huyakisia kuwa maandishi hutolewa na kuhifadhiwa kwa ubora wa juu kama weusi mtupu. Karatasi yoyote yenye mandhari ya nakshi ikipitishwa kwenye programu kama hiyo hugawanyika vivyo hivyo.

Anayeyafahamu matabaka angeweza kuona jambo hilo bila kuambiwa. Vipande vya cheti hicho havikuwa na majina. Havikufuata mpangilio wowote ambao mchoraji angeuhitaji. Herufi za neno moja ziligawanywa, nyingi zikiwa kwenye kipande cha maandishi na moja ikibaki kwenye mandhari kwa kuwa wino wake ulikuwa hafifu na mashine haikuitambua. Mghushi hutenga jina na tarehe, kwa sababu hivyo ndivyo anavyotaka kubadilisha. Hana haja ya kuitenga herufi moja katikati ya jina. Mgawanyo huo ulifuata wino, haukufuata maana, na kwa hivyo ulikuwa wa mashine.

Inafaa kukumbukwa kwamba cheti cha kughushi kilikuwapo kweli, lakini kilikuwa kile kingine, kilichosambazwa Agosti 2009 kikidai kwamba Obama alizaliwa Mombasa. Hakikuhitaji Illustrator kufichuliwa. Kilikuwa na kichwa cha Jamhuri ya Kenya na tarehe ya Februari 1964, miezi kumi kabla ya Kenya kuwa jamhuri mnamo Desemba 12, 1964.

Weusi juu ya maandishi

Kosa la upande wa pili, la kudhani kwamba kilichofunikwa kimeondoka, limewagharimu hata mawakili. Mnamo Januari 8, 2019, mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani hati ya PDF ambamo sehemu za siri zilikuwa zimezibwa kwa weusi. Waandishi wa habari walichagua maandishi yaliyokuwa chini ya weusi huo, wakayanakili na kuyabandika penginepo, na yakasomeka yote. Mstatili mweusi ulikuwa umbo jipya mwishoni mwa orodha. Maandishi yalikuwa bado yako mahali pake, kabla yake.

Kwa mchoraji wa kawaida siri huwa ndogo kuliko hizo, lakini zipo: bei ya awali iliyofichwa kwenye tabaka la mapendekezo, nembo ya mteja mwingine iliyotumiwa kama kielelezo, maelezo aliyojiandikia kuhusu mteja mgumu. Faili ya SVG huweza kufunguliwa kwa programu yoyote ya kuandikia na kusomwa neno kwa neno, pamoja na matabaka yaliyofumbwa na majina yake. Faili inayotoka nje haina budi kusafishwa kwa kufuta. Kufumba jicho hakutoshi.

Ndiyo maana waliozoea kazi hii huweka faili mbili. Ya kwanza ina matabaka yote, majina yote na maandishi ambayo bado yanaweza kuhaririwa; hiyo hubaki kwa mchoraji, na nakala yake huwekwa nje ya kompyuta anayoifanyia kazi. Ya pili hutolewa kwa ajili ya uchapishaji: matabaka ya vielelezo na vipimo yamefutwa, maandishi yamegeuzwa kuwa maumbo ili fonti isipotee kwenye kompyuta isiyo nayo, na kwa kawaida huwa PDF. Swali la iwapo mteja ana haki ya kupewa ile ya kwanza huzua ugomvi mara kwa mara. Mteja huona amelipia kazi yote, na mchoraji huona ameuza bango tu, hakuuza uwezo wa kulibadilisha pasipo yeye. Makubaliano hayo huandikwa kabla ya malipo ya kwanza, yakitaja aina ya faili itakayokabidhiwa na kama matabaka yake yatakuwa wazi.